Matege yasiyosikia kalsiamu: jibu kwa mama wa Arumeru

"Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka mitatu na nusu. Alizaliwa miguu imenyooka, ila alipoanza kutembea nikaona inapinda kama yangu. Mwaka mzima amekunywa dawa ya maji ya kalsiamu na kuchomwa sindano za vitamini D, lakini matege yanazidi na anatembea kwa kuyumba. Vipimo vya mwezi uliopita: kalsiamu 2.35, fosfati 0.86, vitamini D ya kutosha, ALP 780. Niliambiwa vyote viko sawa isipokuwa hicho cha mwisho. Mimi pia nina matege. Nilipasuliwa nikiwa darasa la nne, miguu ikanyooka, kisha ikarudi kupinda. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo. Mabinti wake watatu wote tunayo, kaka zetu wawili ni warefu na wamenyooka. Ukweni wanasema ni laana ya kwetu inayofuata wanawake, na mama mkwe anasema nilimsimamisha mtoto mapema. Daktari mmoja alisema ni maji ya huku Arumeru, mwingine anataka apasuliwe. Mimi hupata majipu ya fizi kwenye meno yasiyo na tundu, na tangu nijifungue mdogo wake wa kiume, ana miezi minne sasa, paja la kushoto linaniuma nikitembea. Je, ni kosa langu? Apasuliwe? Na huyu mdogo itakuwaje?"

Marahaba, dada yangu. Nimeirudia barua yako mara kadhaa, kwa sababu ndani yake umeshanipa karibu jibu lote. Wewe umeandika matege, majipu ya fizi, paja linalouma na maneno ya ukweni kama mambo mbalimbali. Mimi nikiyaweka pamoja naona jambo moja. Nitakueleza taratibu kwa nini, nikianza na swali lako la kwanza, maana naamini ndilo linalokunyima usingizi.

Huna kosa. Mtoto mwenye mifupa yenye afya akisimama mapema, uzito wake hauwezi kuleta picha hii unayonieleza. Kumbeba mgongoni hakuleti matege ya namna hii. Wala hukumlisha vibaya: kinachompungukia binti yako ni fosfati, madini yanayojenga mfupa, nayo imo karibu katika kila chakula chetu, maharage, dagaa, maziwa, mayai, nyama, hata unga wa dona. Mtoto anayekula chakula cha kawaida cha nyumbani ni nadra sana kuikosa. Tena, kama dawa ya kalsiamu na sindano za vitamini D zingetosha, mwaka mzima ungeshaonyesha mabadiliko. Matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D au kalsiamu huanza kupona kwenye picha ya eksirei ndani ya miezi michache ya tiba. Yake yamezidi.

Watoto wengi huwa na matege kidogo mpaka karibu miaka miwili, kisha magoti huanza kugusana, na kufikia miaka sita au saba miguu hunyooka yenyewe. Ndiyo maana wazazi wengi huambiwa wasubiri, na kwa wengi ni ushauri mzuri. Kwa binti yako muda huo umepita.

Sasa tuitazame ile karatasi ya maabara, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipowaponyoka. Fomu nyingi huchapa viwango vya kawaida vya mtu mzima kwa kila anayepimwa. Kwa fosfati utaona pembeni pameandikwa kama 0.8 hadi 1.45. Ukilinganisha na mstari huo, 0.86 inapita, hakuna anayeweka alama ya mshale, na mzazi anaambiwa iko sawa. Lakini mtoto anayekua huhitaji fosfati nyingi zaidi kwenye damu kuliko wewe au mimi. Katika umri wa miaka mitatu na nusu hatutarajii ishuke chini ya 1.2 hivi. Kwa hiyo 0.86 kwake ni ndogo mno. ALP nayo ni kimeng'enya kinachotoka kwenye seli zinazojenga mfupa. Ikipanda hadi 780 ilhali kalsiamu na vitamini D viko vizuri, maana yake mfupa unahangaika kujijenga na malighafi haitoshi. Namba hizo mbili zikisomwa pamoja hazisemi "vyote viko sawa".

Mfupa wa mtoto hurefuka kutoka kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha zake, hasa pale magotini. Seli za gegedu huzaliana, huvimba, kisha hufa kwa mpangilio na kuacha nafasi ambayo madini huingia na kuwa mfupa mgumu. Fosfati ndiyo inayoziashiria zife kwa wakati wake. Ikipungua, seli hazifi, gegedu linarundikana, na tabaka linakuwa nene na laini. Mtoto akiwa bado anabebwa huoni kitu, ndiyo maana alizaliwa miguu imenyooka. Akianza kutembea, uzito wa mwili unatua juu ya mfupa huo, na hapo inakuwa kama nguzo iliyobebeshwa mzigo kabla zege halijakauka.

Fosfati hiyo inakwenda wapi? Inatoka na mkojo. Mifupa yetu hutengeneza homoni iitwayo FGF23, ambayo huziamuru figo zitoe fosfati, na wakati huohuo huzipunguzia kasi ya kuigeuza vitamini D kuwa ile inayofanya kazi mwilini. Kuna jeni, yaani agizo la kurithi ndani ya seli, iitwayo PHEX inayosaidia homoni hiyo isizidi kiasi. PHEX ikiwa na kasoro, FGF23 inapanda, na figo zinamwaga fosfati usiku na mchana hata kama damu yenyewe haina ya kutosha. Figo zake si mbovu, zinatii amri isiyo sahihi. Na hapo utaelewa kwa nini sindano za vitamini D hazikumsaidia: vitamini ipo, lakini hatua ya kuiamsha imebanwa, na fosfati inaendelea kupotea.

Ugonjwa huu madaktari huuandika kwa kifupi XLH, yaani upungufu wa fosfati wa kurithi unaofuata kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za seli zinazobeba jeni. Hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya 20,000. Mwaka 1937 daktari Fuller Albright wa Marekani na wenzake walieleza habari za mtoto mwenye matege yaliyogoma kusikia vitamini D mpaka apewe dozi kubwa kupindukia, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1995. Haujagunduliwa jana, ila madaktari wengi hawajawahi kukutana nao uso kwa uso.

Kilichonifanya niutaje mapema namna hii ni ukoo wenu. Jeni ya PHEX iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu. Hiyo humpa kila binti yake, na wanawe wa kiume huwapa Y. Kwa hiyo baba mwenye XLH huwa na mabinti wote wenye ugonjwa na wana wote wasio nao. Rudia sentensi uliyoniandikia: mabinti watatu wote wanayo, kaka wawili wamenyooka. Kama ungekuwa ugonjwa wa kurithi usiojali jinsia, kwa watoto watano mpangilio huo ungetokea katika familia moja tu kati ya 32. Bado inawezekana, lakini mimi ningeanza na XLH. Hiyo "laana inayofuata wanawake" ni X ya marehemu baba yako, aliyowapa ninyi bila kujua, kama nawe ulivyompa binti yako bila kujua.

Kuanzia kwako wewe haichagui jinsia tena. Mwanamke ana X mbili na kila mtoto humpa moja, kwa hiyo kila mimba yako, ya kike au ya kiume, ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Kaka zako hawakuirithi na hawawezi kuwarithisha watoto wao. Dada zako wako katika hali kama yako, na watoto wao wanahitaji kupimwa hata kama miguu yao haikusumbui macho. Wapigie simu. Na mama mkwe, kwa heshima zote, mwonyeshe jinsi ugonjwa ulivyogawanyika kwa watoto wa baba yako. Nimeona wazee wakiyakubali mambo haya haraka kuliko vijana, kwa kuwa wao wanawakumbuka watu wa ukoo kwa sura na miguu yao.

Daktari aliyetaja maji alikuwa na sababu ya kuuliza. Huko kwenu Arumeru, na sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji yana floraidi nyingi, na magadi ya kulainishia maharage na makande huiongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Floraidi ikizidi kwa miaka, meno hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na mifupa ya watoto inaweza kupinda kweli. Lakini kaka zako walikunywa maji ya bomba lilelile na kula makande ya chungu kilekile. Floraidi isingewaruka wao na kuwakamata mabinti. Hata hivyo acha magadi na mtafutie mtoto maji yenye floraidi ndogo, maana mfupa wake una kazi ya kutosha.

Yote haya nimeyasema kwa kusoma barua. Kuthibitisha kunahitaji kumwona mtoto. Kwa ulipo, anzia kliniki ya watoto ya hospitali ya KCMC, Moshi, ukaombe kuonwa na daktari bingwa wa watoto, ikiwezekana anayeshughulikia homoni. Madaktari wa aina hiyo wameongezeka Afrika Mashariki tangu mafunzo yao yaanze Nairobi mwaka 2008, na Muhimbili pia utawapata. Nenda na karatasi zote za zamani, na mchoro wa ukoo uliouandika kwa mkono: babu, baba, ninyi watano, watoto wenu. Mchoro huo una thamani sawa na kipimo. Omba wampime fosfati na kreatinini, vya damu na vya mkojo kwa wakati mmoja, asubuhi kabla hajala, ili wakokotoe figo zinarudisha kiasi gani cha fosfati. Wapime pia homoni ya tezi za paradundumio, zile tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, iandikwayo PTH, na sukari na protini kwenye mkojo, kwa sababu yapo magonjwa mengine ya figo yanayopoteza fosfati pamoja na vitu vingine, na tiba yake ni tofauti. Eksirei ya magoti na kifundo cha mkono, na picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound) ya figo kabla ya dawa. Kipimo cha jeni kikipatikana ni vizuri, lakini kwa ukoo kama wenu tiba haina sababu ya kukingoja.

Mpaka hapo, asichomwe sindano nyingine ya vitamini D. Dozi kubwa zinazorudiwarudiwa hazimsaidii, nazo zinaweza kupandisha kalsiamu na kuacha madini yakigandamana ndani ya figo.

Tiba ambayo familia nyingi zinaweza kuifikia ina dawa mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni fosfati ya kunywa, kwa mtoto mdogo mara nne hadi sita kwa siku, kwa sababu kila dozi huinua fosfati ya damu kwa saa chache tu kisha inakojolewa. Ya pili ni vitamini D iliyokwisha kuamshwa, kalsitrioli au alfakalsidoli, inayoiruka ile hatua iliyobanwa. Usikubali apewe fosfati peke yake: huamsha tezi za paradundumio kupita kiasi, nazo huzidi kumwaga fosfati na kudhoofisha mfupa. Fosfati isinywewe pamoja na maziwa wala dawa ya kalsiamu, maana hushikana tumboni zikapotea zote. Inaweza kuleta kuharisha au maumivu ya tumbo, hivyo huanzwa kwa dozi ndogo. Isipopatikana dukani, mfamasia wa hospitali kubwa anaweza kuichanganya ya maji kwa fomula inayojulikana kama mchanganyiko wa Joulie. Muulize daktari, usikate tamaa pale duka la dawa litakapokujibu hawana.

Sitakuficha, ni tiba inayochosha. Ni kuamka usiku, ni chupa kwenye begi la shule, ni damu na mkojo kila baada ya miezi mitatu hivi na picha ya figo mara kwa mara, kwa sababu ikizidi huharibu figo na ikipungua haisaidii. Wazazi wengi huanza vizuri, kisha dozi sita zinakuwa tatu. Ukifikia hapo mwambie daktari ukweli, kwa sababu asipojua atapandisha dawa ambayo mtoto hanywi. Ukidumu nayo, matege mengi hupungua yenyewe mtoto akiwa bado mdogo, maumivu huisha na anarefuka vizuri zaidi. Huenda asifikie urefu wa wajomba zake. Lakini wewe ulikua bila dawa hizi, kwa hiyo usiutumie mwili wako kama picha ya atakavyokuwa.

Ipo dawa mpya zaidi, burosumab, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018. Ni sindano ya chini ya ngozi, kwa mtoto kila wiki mbili, inayoishika FGF23 yenyewe na kuizima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watoto waliopewa dawa hii mifupa yao ilipona vizuri kuliko waliobaki kwenye fosfati na vitamini D. Kitaalamu ni bora. Bei yake iko mbali sana na mfuko wa familia nyingi, na sitaki uuze shamba kuikimbilia huku ile ya kunywa hamjaijaribu ipasavyo. Muulize bingwa kama kuna mpango wowote wa msaada, na ikipatikana, fosfati na kalsitrioli husimamishwa kwanza.

Kuhusu kupasuliwa: siyo sasa. Jibu unalo miguuni mwako. Ulinyooshwa darasa la nne, lakini fosfati iliendelea kupotea, na mfupa ulioendelea kukua ukiwa laini ukapinda upya. Huenda daktari wako aliifanya kazi yake vizuri kabisa na bado ikatokea hivyo. Kwa mtoto mdogo tunataka angalau mwaka mmoja wa dawa zilizosimama sawasawa kabla ya kisu. Ikibidi baadaye, kuna njia nyepesi kuliko kukata mfupa: bamba dogo la chuma linabanwa upande mmoja wa lile tabaka la ukuaji, upande wa pili unaendelea kurefuka, na mguu unajinyoosha wenyewe kwa miezi. Njia hiyo hufanya kazi mtoto akiwa bado anakua tu, kwa hiyo awe anaonwa na daktari wa mifupa tangu mapema, anayeongea na yule wa homoni.

Atakapoanza shule, mwalimu wake aambiwe mambo mawili: kuna dozi ya saa nne ambayo haikosi, na majina ya utani kuhusu miguu hayakubaliki darasani kwake. Wewe unajua uliitwa nini. Acheze. Kuogelea na baiskeli ni vizuri, na kukimbia akimbie kadiri anavyoweza, asifungiwe ndani kwa kuogopa. Meno yake yaonwe kila baada ya miezi sita, kwa sababu jino la mtu wa XLH lina madini machache ndani na nyufa ndogo zisizoonekana hupitisha vijidudu mpaka kwenye kiini. Hayo ndiyo majipu yako yasiyo na tundu. Wala hukuzembea kupiga mswaki. Daktari wa meno anaweza kuziba sehemu za kutafunia kabla jipu halijatokea. Ukiona anaumwa kichwa mfululizo, anatapika asubuhi, au kichwa chake kinakuwa chembamba na kirefu isivyo kawaida, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali, kwani mifupa ya fuvu wakati mwingine hufunga mapema.

Mdogo wake apimwe mwezi huu, fosfati na ALP. Jibu likiwa zuri lisiwafanye mlale: katika miezi ya mwanzo fosfati ya damu inaweza kuonekana ya kawaida kwa mtoto aliyeurithi. Arudie akiwa na miezi sita, na tena kabla ya kutimiza mwaka. Mkimgundua kabla hajaanza kutembea, ataanza dawa miguu ikiwa bado imenyooka, na hiyo ni nafasi ambayo wewe na dada yake hamkuipata. Endelea kumnyonyesha, maziwa yako hayana neno.

Nimeacha paja lako mwisho, ingawa ndilo lenye haraka kuliko yote. Kwa mtu mzima mwenye XLH, mfupa wa paja unaweza kupata ufa mdogo usiopona, na ujauzito na kunyonyesha huuongezea mfupa mzigo. Ufa huo ukiachwa, siku moja unavunjika kabisa kwa hatua ya kawaida tu. Nenda wiki hii ukapigwe eksirei ya paja zima, kuanzia nyonga hadi goti, na mguu wa kulia pia. Mwambie daktari unashuku upungufu wa fosfati wa kurithi na aipime yako. Wakati ukisubiri usibebe ndoo wala mtoto mgongoni, na tumia fimbo mkono wa kulia. Usiku paja likiuma hata ukiwa umelala, au ukishindwa kuukanyagia mguu, usitembee kwenda kituo cha daladala, tafuta usafiri ukufuate nyumbani.